Nyar Migori na Moshi wa Sabato

Nimestaafu nikiwa na meno yote na sikio moja. Sikio la kulia niliacha likiliwa kidogo kidogo na mitambo ya dizeli, na daktari anasema halitarudi. Sijalisikitikia sana. Mtu akianza kunisimulia ugonjwa wa ng'ombe wake, namgeuzia upande huo.

Ninyi vijana mlioniaga kwa soda na keki mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya nyaya kubwa kufika. Vyeo nitaviruka, kwa sababu vyeo nilivyopata viliniletea viti tu, na mimi sikai. Kila mtambo uliponizoea nilianza kutamani sauti ya mwingine, nikahama. Mke wangu husema sanduku letu la nguo limeona nchi hii kuliko waziri. Hata huku kustaafu, nimejistaafisha mwenyewe kabla ya miaka hamsini, maana kituo changu cha mwisho kilikuwa cha vitufe, na mtu hawezi kugombana na kitufe akaridhika. Tangu hapo nikilala mchana naota moshi. Nitawaeleza ni moshi upi.

Nilianza kazi Homa Bay miaka michache baada ya uhuru, nikiwa nimetoka shule ya sekondari na cheti ambacho mama yangu kule Ntimaru alikifunga kwenye kitambaa pamoja na mbegu za wimbi. Mimi ni Mkuria. Kijaluo nilikuwa sijui, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichonilisha, na wenzangu kazini wakaniita Jakuria, yaani mtu wa Kuria, jina ambalo halikuwagharimu fikira.

Fundi mkuu alikuwa Ouko, mtu mfupi mwenye mabega ya kubebea magunia na sauti ya katekista. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Alinipa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, akaniambia niweke ncha kwenye chuma cha mtambo na mpini kwenye sikio.

"Unasikia nini?"

"Kelele, fundi."

"Kelele ni ya sokoni. Sikiliza tena."

Nilisikiliza mpaka saa ya chakula. Ndani ya kelele kulikuwa na mgongo wa kelele, na ndani ya mgongo kulikuwa na kitu kinachogonga taratibu kama mtu anayebisha hodi bila kutaka kufunguliwa. Nilipomwambia hivyo, Ouko akafungua mtambo, akatoa beringi iliyolika, akanitazama kama mtu aliyeokota kitu cha maana njiani. Nilirudi nilikopanga na duara jeusi la oili kuzunguka sikio. Mama mwenye nyumba, Min Akinyi, akaniangalia usoni akasema, "Ah, wewe ni wa umeme. Wote hurudi hivyo. Usilalie mto wangu."

Mwaka uliofuata kampuni yetu ilipata kazi ya kuwasha umeme katika kituo kimoja cha biashara kati ya Homa Bay na Migori. Jina la kituo sitalitaja. Waliokaa pale bado wana pua. Mtambo tuliopewa ulikuwa umenunuliwa kutoka mgodi fulani upande wa Migori uliokuwa ukipunguza kazi. Ulikuja juu ya lori, umefungwa minyororo, na nyuma yake yakaja makreti ya vipuri ambayo hakuna aliyeyafungua. Moja tuliliweka karibu na mlango tukalifanya benchi.

Wajaluo humwita mke kwa kule alikotoka, kwa hiyo Ouko akaupa mtambo jina siku hiyohiyo: Nyar Migori, binti wa Migori. Tangu hapo hatukusema "mtambo". Tulisema ameamka vibaya, amekunywa sana, anataka kusuguliwa. Mkaguzi mmoja alitusikia kwa mbali akadhani tunamsengenya mke wa mtu.

Bi harusi huyu alikuja na kitu ambacho sikuwa nimekiona Homa Bay. Kwenye bomba lake la eksozi, kabla moshi haujatoka nje, kulikuwa na chombo cha chuma kinene, tumbo kama mtungi. Ouko alikiita agulu, chungu. Ndani yake kulikuwa na punje nyingi za udongo mgumu, kila moja kama mbaazi, zimepakwa madini ya thamani kwa wembamba usioonekana. Ouko alikuwa amefanya kazi kwenye mgodi huohuo, na ndiye aliyenieleza. Kule mtambo ulikaa karibu na mdomo wa shimo, na gesi yake ingewalevya wachimbaji. Ndipo wazungu wakaufungia chungu hicho kiteketeze gesi na ule mvuke wa dizeli unaochoma macho.

"Chungu kinateketezaje na hakina moto?" nikauliza.

"Umeshawahi kuona jagam?"

Jagam ni mshenga, yule anayekwenda kati ya nyumba mbili mpaka ndoa ikafungwa.

"Moshi uko huku," akasema Ouko, "na hewa iko huku. Wote wanapita njia moja lakini hawajuani. Wakiikanyaga punje, punje inawaambia, wewe, huyu hapa. Wanaoana palepale. Wanatoka wakiwa kitu kingine, hakina harufu wala ubaya. Na punje inabaki ilivyokuwa, inangoja wengine."

"Haichoki?"

"Jagam anachoka? Anakula kwa watu kila siku."

Baadaye katika kozi nilifundishwa neno kichocheo na nikachorewa michoro. Sikuona lililoongezeka.

Kwa miezi michache tulikuwa watu wa heshima. Wateja wetu wakubwa walikuwa dispensari yenye friji ya dawa, shule ya misheni, maduka machache, na kinu cha unga cha Mzee Elikana. Kinu hicho kilikuwa na mota kubwa kuliko vitu vingine vyote pale kituoni vikijumlishwa. Kilipoanza kusaga asubuhi, Nyar Migori alikohoa mara moja, akajikaza, akaimba mpaka jioni.

Mzee Elikana alikuwa Msabato na mzee wa kanisa lake, mtu mrefu aliyevaa koti hata juani. Alisaga siku zote ila Jumamosi. Kanisa lake lilipakana na kanisa letu Wakatoliki, ua mmoja wa michongoma katikati, yote mawili upande ambao upepo wa ziwa ulipeleka moshi wetu. Mimi na Ouko tulikuwa Wakatoliki. Kumbukeni hilo, maana wao walilikumbuka.

Jumatatu moja Mzee Elikana aliingia kwenye nyumba ya mtambo akiwa na wazee wenzake wawili. Hakuketi kwenye kreti.

"Ouko," akasema, "mimi sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Jumamosi tukiwa ibadani, moshi wenu unaingia dirishani. Mchungaji anahubiri analia. Watu walidhani ni Roho."

"Pole sana, jaduong'," Ouko akajibu, kwa neno la Kijaluo la kumheshimu mzee.

"Si mara moja. Ni kila Sabato. Kwaya imeacha kuimba sauti ya juu, wanakohoa. Sasa niambie. Jumapili mko hapo jirani yetu, upepo ni uleule, bomba ni lilelile. Mimi husimama kinuni kwangu nikawatazama. Hakuna moshi. Mnatoka mmevaa shati nyeupe na zinabaki nyeupe. Hiyo ni nini?"

Ilikuwa kweli. Sisi wenyewe tulikuwa tumeiona hali hiyo, tukaiweka kando kama mtu anavyoweka kando jino linalouma siku ya sikukuu.

"Mtambo haujui siku," nikasema mimi.

"Mtambo haujui," akajibu mmoja wa wale wazee wawili, "lakini anayeuwasha alibatizwa na padri."

Walikwenda mpaka kwa meneja wetu Kisumu. Meneja akaja na gari, akasimama mlangoni asiguse kitu, akamwambia Ouko kwa upole, upole ambao ni mbaya kuliko ukali. Hawezi kuwa na fundi anayewafukiza Wasabato kanisani. Atakuja Sabato ya juma lijalo aketi humohumo ibadani. Akiona moshi, Ouko arudishe funguo siku hiyohiyo. Kuzima mtambo haiwezekani, kwa sababu friji ya dispensari haina Sabato.

Ouko alikuwa na mke, watoto wanaosoma, na umri ambao kampuni nyingine zingeutazama mara mbili. Alichukua bisibisi yake akamsikiliza Nyar Migori alasiri nzima, akaiweka chini. "Hana ugonjwa," akasema. "Sasa nitawaambia nini?"

Tulijaribu yote tuliyoyajua. Tulisafisha nozeli za mafuta. Tulimwaga punje za chungu kwenye turubai, tukazipuliza masizi moja moja kama wanawake wanaochagua maharagwe, na mpita njia mmoja akatuuliza tunapika nini. Tuliongeza urefu wa bomba ili moshi upite juu ya makanisa. Sabato iliyofuata, ya mwisho kabla ya ile ya meneja, ulipanda juu vizuri, ukafikiri kidogo, ukashuka kwenye ubatizo kando ya mto, mahali ambapo hata siku mbaya kabisa ulikuwa haujawahi kufika. Mchungaji akawatumbukiza watu haraka haraka. Waliozama walikuwa na nafuu.

Kilichotuokoa ni msiba. Jumatano ya juma la meneja alizikwa jirani yake Mzee Elikana, na kama desturi ilivyo, kituo chote kilifunga milango kikaenda mazishini, na kinu kikafungwa. Nami nilikwenda, Ouko akabaki zamu. Tulikuwa tumesimama kaburini, mchungaji akisoma, nikanusa kitu ninachokijua. Moshi mweupe ulikuja ukitambaa juu ya migomba, mzito, unaochoma macho, ukatulia kati yetu na jeneza. Waombolezaji wakalia kwa nguvu mpya. Mzee Elikana alinigeukia kule alikokuwa. Sikungoja aseme. Nilipita nyuma ya umati nikaondoka kwa hatua za heshima mpaka nilipofika kwenye kona, kisha nikakimbia.

"Fundi," nikasema nikihema, "leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Moshi uko kaburini. Ule ule wa Jumamosi."

Ouko alinitazama. "Nyar Migori ameanza kushika Sabato ya Jumatano?"

"Kinu kimefungwa, fundi. Jumamosi kinu kimefungwa. Leo kinu kimefungwa. Jumapili ndiyo siku mahindi ya juzi na jana yanasagwa yote pamoja."

Ouko akaenda kwenye eksozi, akakitemea chungu mate. Siku za kazi mate yangeruka na kupotea kabla hujayaona. Siku hiyo yalikaa, yakatiririka polepole kama kitu kisicho na haraka.

"Chungu ni baridi," akasema.

Hapo mambo yote yakajipanga. Mtambo ukiwa na mzigo mkubwa, eksozi inawaka, na chungu kikipata moto ndipo punje zinapofanya ushenga wao. Ukibaki na friji na redio ya muuza duka, mtambo unazunguka bila jasho, dizeli nyingine inatoka haijaungua, na chungu kimepoa. Mgodini hakukuwa na siku ya namna hiyo. Kule mzigo haukuisha. Ouko alikaa kwenye kreti akacheka mpaka akashika mbavu. Aliyekuwa akiwafukiza Wasabato ni Mzee Elikana mwenyewe, na kila alivyoishika Sabato kwa bidii, ndivyo moshi ulivyozidi.

"Jagam hatembei na tumbo tupu," akasema akijifuta macho. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu ilibaki kwenda kumwambia.

Tulimkuta kesho yake kinuni, mweupe kwa unga mpaka kope. Ouko alieleza vizuri, kwa heshima, akianzia mbali. Mzee alisikiliza yote.

"Kwa hiyo mnataka nisage Sabato."

"Hapana, jaduong'. Kuzungusha tu. Bila mahindi."

"Kinu kikizunguka bila mahindi kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu."

"Sasa mnakitakia nini?"

Kusema kweli, kinu kitupu kingekula umeme kidogo tu, na mawe yangesagana, lakini tulikuwa watu waliofika ukingoni.

"Ouko, amri imemtaja hata ng'ombe apumzike," akasema Mzee Elikana. "Hii mota ina nguvu ya ng'ombe wangapi?"

Ouko hakuweza kusema uongo juu ya mashine. "Wengi sana, jaduong'."

"Umejijibu."

Nikajitia mbele. "Na kama mimi ndiye nitakayeizungusha, mzee? Mimi si wa kanisa lenu."

"Amri imemtaja pia mgeni aliye ndani ya lango lako," akasema bila kupandisha sauti. "Wewe ni mgeni, Jakuria. Na lango ni hili."

Mkewe, Mama Dorka, alikuwa akipepeta nyuma ya ukuta. Alisema bila kuacha ungo wake, "Hawa wanaume wana maneno. Kama mashine yenu inataka kazi ndiyo ipate joto, ipeni kazi yenu huko kwenu. Chemsheni maji. Msiazime dhambi kwa jirani."

Tulikuwa tumefika nusu ya njia Ouko aliposimama katikati ya barabara. Baiskeli ikamkwepa, na mwenye baiskeli akamtukana.

"Maji," akasema. "Jakuria, mgodini wachimbaji walikuwa wanaoga maji ya moto."

"Walichemshiwa na nani?"

Alikuwa ameshaanza kukimbia. Alipofika nyumba ya mtambo aliliinua kreti tulilokuwa tukilikalia tangu siku ya kwanza, akang'oa mbao kwa nyundo. Ndani, kwenye majani makavu, zilikuwa koili kubwa za kuchemshia maji, kila moja ndani ya ala yake ya chuma, safi kama zimetoka dukani. Tulikuwa tumelikalia jibu kwa miezi yote hiyo, tukilalamika kwamba benchi ni gumu.

Ijumaa tulisimamisha mapipa nje ya ukuta, tumeyasugua kwa majivu mpaka yakaacha kunuka dizeli, yana mabomba chini ya kufungulia. Tuliunganisha koili kwa waya mnene. Ouko aliwasha moja, tukamsikia Nyar Migori akijikaza kidogo. Akawasha ya pili na ya tatu. Alipowasha zote, alikohoa mara moja, akaimba. Ouko akatemea chungu. Mate yakaruka.

Jumamosi meneja alikuja na suti na kitambaa cha pua, akaketi benchi la nyuma la Wasabato. Ouko hakuthubutu kuondoka kwenye mtambo. Mimi nilisimama upande wetu wa michongoma, kwenye uwanja mtupu wa kanisa letu, nichungulie dirishani. Walianza kuimba. Sauti ya juu ilijaribu kwa woga, ikaona inawezekana, ikapanda. Mchungaji alihubiri macho makavu. Nilianza kupumua.

Ndipo maji yalipochemka. Wingu jeupe, kubwa kuliko moshi wowote tuliowahi kuutoa, liliinuka kutoka nyumba ya mtambo, likaja moja kwa moja kanisani. Watoto walilionyesha kwa vidole. Wazee wakainuka. Meneja akainuka, kitambaa puani, akitazama mlangoni kama mtu anayehesabu hatua za kwenda kudai funguo. Wingu likaingia dirishani. Kila mtu akashika pumzi, hata mimi niliyekuwa nje.

Hakuna aliyekohoa.

"Ni moshi gani huu?" mchungaji akauliza madhabahuni, akinusa. "Unanuka nini?"

Mzee Elikana alinusa kwa makini, kichwa kimeinama, kama anavyonusa mahindi yaliyonyeshewa.

"Haunuki," akasema. "Unanuka kama jikoni kwa watu wasio na mboga."

Kanisa zima likacheka, jambo ambalo sidhani lilikuwa kwenye ratiba. Mchungaji akashukuru kwa maombi yaliyojibiwa, na kwaya ikaimba tena. Meneja alipita kwetu baadaye, akatazama mapipa, akatazama bomba la eksozi ambapo hewa ilitetemeka tu kwa joto bila rangi yoyote, akamwambia Ouko, "Funguo kaa nazo." Akaondoka. Ouko aliketi mahali kreti lilipokuwa, akaanguka, maana tulikuwa tumelichoma.

Nilikaa pale mwaka mmoja zaidi kabla miguu haijaanza kuniwasha. Sabato zote hizo tulichemsha maji, na dispensari ilichota ya kuoshea vifaa, na akina mama wa pande zote mbili za michongoma walileta mabeseni. Nimefanya kazi kwenye mitambo mikubwa tangu hapo, nimeona vyungu vyenye majina marefu, na kila mara kimoja kinapolaumiwa kwamba hakifanyi kazi, swali langu la kwanza limekuwa: nani amefunga kinu? Wahandisi wameshazoea kunitazama vibaya.

Lakini ninachokiona nikilala mchana ni alasiri ya Sabato ile ya kwanza. Meneja ameshaenda, sisi tumeketi chini, na Mzee Elikana anakuja peke yake na koti lake, beseni mkononi limefunikwa kitambaa. Alisalimia, akauliza habari za nyumbani kwa Ouko, habari za kwetu Ntimaru, habari za mvua. Kisha akakohoa.

"Haya maji. Mmemchemshia nani?"

"Hatujamchemshia mtu, jaduong'," akasema Ouko. "Tulikuwa tunatafuta mzigo."

"Hamkukusudia maji."

"Hapana. Maji yamejitokea."

"Kwa hiyo hayakuchemshwa na mtu." Alilifikiria hilo mpaka likamkaa sawa. "Magoti yangu yanauma sana siku za Ijumaa, nikishabeba magunia. Na Sabato kwetu hakuna moto."

Ouko alimfungulia bomba. Beseni lilipojaa, mzee hakuondoka. Alikuwa akikitazama chungu kwenye eksozi, kimeng'aa kwa joto.

"Huyo ndiye jagam wenu? Yeye Sabato hapumziki?"

"Yeye hafanyi kazi, jaduong'," akasema Ouko. "Anawakutanisha wengine, wao ndio wanaoungua. Yeye anakaa tu palepale, hapungui wala haongezeki."

Mzee Elikana akaliinua beseni lake taratibu, asimwage.

"Basi huyo ni mzee wa kanisa," akasema, akaenda kukanda magoti.